Zebaki na Mtumishi wa Udongo



Tangu dhahabu ilipogunduliwa katika nchi ya Kilo mwaka 1903, sisi watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, tumezoea kuihesabu mali yetu kwa gramu zinazotoka chini ya ardhi. Nami leo, kwa idhini yenu, nataka tuihesabu mali nyingine, ile inayobaki udongoni baada ya dhahabu kwenda zake, kwani mkulima wa Djugu hali dhahabu, bali hula maharage na muhogo, na rutuba ya shamba lake inategemea viumbe ambao wengi wetu hatuwakumbuki ila wanapoharibu mkate.

Viumbe hao ni kuvu. Uyoga tunaoununua sokoni wakati wa mvua ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa gizani baina ya mizizi. Katika udongo wetu mwekundu fosforasi imo, lakini sehemu kubwa imeshikwa na chuma na alumini, na sehemu nyingine imefungwa ndani ya mabaki ya majani na mizizi iliyokufa, hata mmea ukawa kama maskini aliyelala na njaa mlangoni pa hazina. Hapo ndipo kuvu hutoa kimeng'enya kiitwacho fosfatesi, ambacho hukata kifungo kinachoiunganisha fosfeti na mabaki hayo, ikawa huru, na mizizi ikaipata.

Sasa twendeni Mongbwalu, kwenye machimbo ya dhahabu. Mchimbaji huchanganya zebaki na mchanga uliokwisha kuoshwa, hulikamua kwa kitambaa donge la zebaki na dhahabu linalopatikana, kisha huliweka juu ya makaa. Joto likifika selisiasi 357 zebaki huchemka ikapaa, na dhahabu ikabaki chomboni. Iliyopaa haikupotea, maana hupoa na kushuka juu ya mapaa, mashamba na vyakula, na ile iliyomwagika hufuata maji mpaka mabondeni. Ikiingia udongoni hushikamana na salfa iliyomo katika protini, na kimeng'enya kikipotoka umbo hakiwezi tena kazi yake. Wala si zebaki peke yake: metali kama kadimi huweza kunyang'anya mahali pa zinki, ambayo bila yake aina moja ya fosfatesi, iitwayo fosfatesi ya alkali, ni bure.

Walakini insafu yatulazimu kusema kwamba kuvu si mnyonge. Kuta zake zenye kitini huzinasa metali kabla hazijaingia ndani, na fosfatesi yenyewe huweza kuwa silaha, kwa kuwa fosfeti iliyofunguliwa ikikutana na metali ya risasi hugeuka madini yasiyoyeyuka kwa wepesi. Na huko Dundee, Uskochi, Geoffrey Gadd na wenzake wameonyesha kuwa kuvu waliolishwa fosfeti ambayo bado imefungwa huweza kuigandisha hata urani. Kwa hiyo metali mara huishusha kazi ya fosfatesi, na mara kuvu huendelea nayo au hata kuizidisha, kwa kadiri ya aina yake, sumu iliyopo na njaa ya fosforasi.

Kazi hiyo hupimwaje? Njia iliyotangazwa na Tabatabai na Bremner wa Iowa mwaka 1969 haihitaji anasa: gramu moja ya udongo hutiwa katika chupa pamoja na nitrofenili fosfeti, dawa isiyo na rangi, ikawekwa saa moja katika joto la selisiasi 37, kisha ikatiwa alkali na kuchujwa; fosfatesi ikiwa hai, maji hutoka manjano, na kadiri manjano yanavyokolea ndivyo kazi ilivyokuwa kubwa. Ila fosfatesi ya udongo hutoka pia kwa mizizi na bakteria, basi atakaye kuijua ya kuvu peke yake hana budi kuwaotesha kuvu hao mbali na udongo, kila chupa na kipimo chake cha zebaki.

Mtu ataniuliza: kwa nini tusipime zebaki tu? Jawabu langu, na ndiyo kauli niliyoijia hapa, ni kwamba kupima sumu hutujulisha kilichoingia shambani, lakini hakutujulishi shamba bado laweza nini. Elimu ya mambo haya ni vipimo hivyo viwili pamoja, cha zebaki na cha fosfatesi.

Kwa hiyo, enyi wanafunzi, chukueni udongo mteremkoni juu ya shimo la dhahabu na chini yake, siku moja, kina kimoja, zao moja, kisha mlinganishe manjano ya chupa zenu. Na kwenu wachimbaji, ndugu zetu: Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika 2017, unazitaka serikali kukomesha uchomaji wa donge la zebaki peupe na katika makazi ya watu. Lakini msingoje serikali. Liondoeni donge hilo jikoni leo, na mlichome katika chombo kilichofungwa kinachoirudisha zebaki chupani, kwa maana shimo litakauka siku moja, na watoto wenu watarudi kulima udongo huu huu.