Mashini ya vijana: tupime kwanza, ndipo tununue
(Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Uvira)



Muliniomba nieleze juu ya nini kompyuta ya chumba cha vijana inajizima. Neno hili si dogo. Vijana wanalipa kidogo kidogo kwa kucheza mupira kwenye ekrani, na makuta ile inaingia ndani ya kisanduku chenye kinatusaidia kwa wagonjwa na kwa matanga. Sasa kuna pendekezo la kutoa dola 200 ndani ya kisanduku hicho kwa kununua karti grafiki mupya. Mimi nasema tusianzie pale.

Kwanza tuangalie namna mashini inaanguka. Muchezo ukijifunga lakini Windows inabaki, mara nyingi kosa liko ndani ya programu. Ekrani ikiwa ya bulu na maandiko, tutafute kwenye memori, diski ao madraiva. Yetu inakatika mara moja, kama vile mutu amechomoa waya. Hapo tunashuku joto ao umeme.

Vijana walisoma ndani ya Windows «Kernel-Power 41», wakasema jibu limepatikana. Hapana. Namba ile inasema tu kwamba mashini ilizimika bila kufungwa vizuri. Sababu haiisemi.

Tulipima joto wakati wa kucheza: karti ilikuwa digri 70. Si joto.

Kisha umeme wa ukutani. Munajua mashini ya kusaga mihogo ya hapa jirani: ikianza tu, taa zinafifia. Tulingoja usiku, wakati imefungwa, tukaondoa ralonji, tukachomeka moja kwa moja ukutani. Kompyuta ikazimika tena.

Ikabaki boksi ya alimantasio, ile yenye inapokea umeme wa ukutani na kuugeuza kuwa 12 V, 5 V na 3,3 V. Karti yetu ni GTX 1660 Super. Peke yake inaweza kula wati 125, na mutengenezaji anashauri boksi ya wati 450. Yetu imeandikwa 350, tena imezeeka. Kuandika barua inaweza. Muchezo ukiwa muzito, inajikata.

Tulifanya majaribio mawili. Tulipunguza picha za muchezo mpaka 30 kwa sekunde: masaa matatu bila kuzimika. Kisha tukaazima boksi ya wati 500, tukarudisha picha zote: mikesha miwili, hakuna shida. Karti ni ileile. Basi karti ni nzima.

Kwa hiyo naomba mukutano ukubali mambo haya:

1. Tununue boksi nzuri ya wati 500. Fundi ametuonyesha moja ya dola 45. Dola 155 zibaki kwa wagonjwa.

2. Mutu asifungue boksi ya zamani kwa bisibisi. Hata ikichomolewa, ndani inaweza kubakia na umeme wa kuua.

3. Juu ya taa zinazofifia, tupange ondulere baadaye. Lakini tusome wati, siyo VA peke yake: ondulere ya 650 VA haitoi wati 650, mara nyingi inatoa karibu 360 ao 390.

Kwenu wafadhili: mashini mulizotuma zinafanya kazi, na tunawashukuru. Mukituma ingine, mutuandikie wati ya boksi na jina la karti. Mustari mumoja tu wa maandiko utatuokolea makuta mingi.

Na ninyi vijana, mpaka boksi ifike, muache picha kwenye 30. Goli linahesabiwa vilevile.