Mtoto Akiitwa, Kijiji Kifanye Nini?

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya miito, mbele ya wanavikundi wa kujisaidia waliokusanyika parokiani katika juma la Mchungaji Mwema



 Asanteni kwa kuacha palizi mkaja. Tunajua magugu hayangojei mtu, kwa hivyo hatutazunguka sana.

Juma hili ni la kuombea miito. Papa Paulo wa Sita aliianzisha siku hii mwaka 1964, na siku hizi Kanisa duniani kote huomba kila Dominika ya nne ya Pasaka ili vijana waitikie wito wa upadre na wa utawa. Wengine wenu mmetuuliza: "Hayo si mambo ya padre na masista? Sisi ni kikundi cha mbuzi wa maziwa. Sisi ni kikundi cha matangi ya maji. Yanatuhusu nini?"

Ni swali zuri. Jibu letu ni hili: padre hadondoki kutoka mbinguni, wala sista haokotwi njiani. Wanatoka katika maboma yenu. Mtoto huyo alikunywa maji ya kisima mlichochimba, na pengine karo yake ililipwa na pesa za mzunguko wenu. Kwa hivyo yanawahusu. Lakini yanawahusu kwa njia gani? Hapo ndipo sisi wenyewe tulikosea, na afadhali tuanze kwa kuungama.

Kosa letu

Miaka kadhaa iliyopita, katika kigango kimoja, kijana alimaliza kidato cha nne akakubaliwa kuingia seminari. Furaha yetu haikuwa na mfano. Vikundi vitatu vilifanya harambee. Tukamnunulia sanduku, viatu na blanketi. Mjane mmoja akauza jogoo wake. Siku ya kumsindikiza, mzee mmoja alisimama akasema sasa tumepata mtu wetu, atatutafutia wafadhili. Mwingine akasema kinu cha kusaga kitakuja upande wetu. Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kijana moyo wake unasema nini.

Mwaka wa tatu akarudi nyumbani. Hakufukuzwa, wala hakuiba kitu. Yeye na walezi wake waliangalia pamoja wakaona njia yake si ile. Na sisi tulimpokeaje? Tulinyamaza. Akipita sokoni watu walinong'ona. Siku moja katika mkutano, mmoja wetu alifungua kitabu cha mweka hazina akasoma kwa sauti pesa zote zilizotumika kwake, na kijana mwenyewe ameketi pale pale nyuma. Hakuna aliyemzuia. Juma lile kijana aliondoka alfajiri akaenda mjini, na kwa miaka mitano mama yake hakumtia machoni. Mama huyo ni mwanakikundi mwenzetu. Huleta mchango wake bila kuchelewa, lakini tangu siku ile hukaa karibu na mlango.

Kosa lilikuwa letu. Tulifikiri wito ni mradi wa kikundi. Tulimwona kijana kama ng'ombe wa gredi: umemlisha, basi lazima umkamue.

Wito una uhuru

Hebu tuangalie Kanisa linafundisha nini. Sheria ya Kanisa inakataza kabisa kumlazimisha mtu yeyote kupokea upadre, na pia inakataza kumzuia yule anayefaa. Kwa upande wa utawa, mtu akipokelewa unovisi kwa sababu ya kulazimishwa au kutishwa, kupokelewa kwake ni bure, hakuhesabiki. Mnaona? Haisemi lolote juu ya harambee yetu. Inaulizia uhuru wa mtoto.

Ndiyo maana malezi ni marefu. Anayetaka upadre huanza na kipindi cha matayarisho, mwaka mmoja au miwili. Halafu kuna masomo ya falsafa na ya teolojia, ambayo yote pamoja hayapungui miaka sita. Baadaye huwa shemasi kwa miezi sita au zaidi, na hawezi kupadrishwa kabla hajatimiza miaka 25. Msichana anayetaka usista hukaa kwanza na shirika ili wajuane. Halafu huingia unovisi, ambao haupungui miezi kumi na miwili. Hapo huweka nadhiri za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, ndipo aweke zile za daima.

Mbona miaka mingi hivyo? Ni kwa sababu ya kupima. Wanavikundi wenye vitalu vya miche wanaelewa jambo hili. Hutoi mche kwenye kitalu ukaupeleka shambani bila kuuangalia, na mche usiofaa mlimani huenda ukastawi bondeni. Kijana anayerudi nyumbani baada ya kujichunguza kwa ukweli hajashindwa. Amefanya kazi ile ile aliyotumwa akafanye.

Mnakumbuka habari za Samweli? Aliitwa usiku, na yeye alidhani ni mzee Eli anayemwita. Eli hakumwambia, "Ukipewa cheo usinisahau." Alimwonyesha tu namna ya kusikiliza, akamwacha aende akalale. Kazi ya kijiji ni hiyo ya Eli.

Hofu ya wazazi

Sasa tuseme yale ambayo watu husema jikoni. Baba anasema: "Binti yangu akiwa sista, mahari je?" Mama anasema: "Nina mvulana mmoja tu. Nani atanilea nikizeeka?" Hatuwacheki wazazi hawa. Hofu yao ni ya kweli, na si vizuri kuwadanganya.

Ukweli ni huu. Sista akiwa mwalimu au muuguzi, mshahara wake ni wa shirika, si wake, wala si wa wazazi. Padre wa jimbo haweki nadhiri ya ufukara kama watawa, lakini sadaka ya parokia si mali ya ukoo wake. Mkimtegemea awajengee nyumba ya mawe, mtampa jaribu ambalo huenda likamwangusha. Mzazi anayetoa mtoto anatoa kweli. Kwa hivyo, badala ya kumwuliza padre "Umetuletea nini?", kikundi kiwaulize wazazi wake, "Mnalimiwa na nani msimu huu?" Hapo mtakuwa mmeusaidia wito kuliko harambee kumi.

Kuna mfano katika nchi yetu. Maurice Michael Otunga alizaliwa mwaka 1923 upande wa Bungoma, mtoto wa chifu mkuu Sudi Namachanja. Ilitazamiwa kwamba atarithi kiti cha baba yake. Yeye akachagua upadre, akapadrishwa Roma mwaka 1950. Mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kufanywa Kardinali. Alipostaafu mwaka 1997 hakwenda kukaa katika jumba kubwa. Alikwenda kuishi Nairobi katika makao ya wazee maskini yanayotunzwa na masista, akakaa nao hadi karibu na kifo chake mwaka 2003. Tukihesabu kwa hesabu ya wafadhili, ukoo wake ulipata hasara. Lakini nchi nzima ilipata baba.

Na sista je? Wengine mmesikia habari za Sista Irene Stefani wa Shirika la Konsolata, aliyefika Kenya mwaka 1915. Wakati wa vita ile kuu ya kwanza aliwauguza wapagazi Waafrika waliokuwa wakifa hospitalini, Voi na hadi Kilwa na Dar es Salaam. Baadaye alifanya kazi Gikondi, Nyeri, akipanda na kushuka milima kwa miguu, akifundisha, akitembelea wagonjwa. Watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alikufa mwaka 1930 kwa tauni baada ya kumhudumia mgonjwa, na mwaka 2015 alitangazwa Mwenye Heri pale pale Nyeri. Yeye alitoka Italia. Lakini kumbukeni kwamba tayari mwaka 1918, huko huko Nyeri, lilianzishwa shirika la masista Waafrika, Masista wa Maria Imakulata. Wasichana wa vijijini walikuwa wameanza kuitika. Mama zao nao waliwalilia, kama nyinyi.

Mambo matano ya kufanya

Basi vikundi vifanye nini? Tunapendekeza haya.

Kwanza, ulizeni mapema. Kijana akisema anataka kuwa padre, braza au sista, apelekwe kwa paroko, naye atamwunganisha na mkurugenzi wa miito wa jimbo. Huko ataambiwa vyeti vinavyotakiwa, kama vile cha ubatizo na cha kipaimara, na gharama ambayo familia itabeba.

Pili, jihadharini na matapeli. Akija mtu msiyemjua akisema anakusanya wasichana wa kuwapeleka utawani, hasa mbali au ng'ambo, msimpe mtoto wala pesa. Ulizeni shirika lake ni lipi, na askofu gani analifahamu. Mpelekeni kwa paroko. Mtu mwema hataogopa.

Tatu, msichana amalize shule. Msimwachishe masomo ati kwa kuwa atakuwa sista. Wala msimsukume utawani kwa kuwa karo imewashinda. Utawa si kimbilio la umaskini.

Nne, mkitoa pesa, semeni wazi kwamba ni zawadi. Andikeni hivyo katika kumbukumbu za mkutano kabla kijana hajaondoka. Wala mtu asiuze shamba wala kuweka hati ya ardhi rehani kwa ajili hiyo.

Tano, anayerudi apokewe. Aitwe mkutanoni kama kijana mwingine yeyote, apewe kazi. Amesoma, anaweza kuwa karani wenu au kufundisha watoto. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kikundi kinachomtupa mmoja kimejikata kidole.

Neno la mwisho

Tulianza na kijana wetu, tumalize naye. Mwaka jana watatu kati yetu tulipanda matatu tukamfuata mjini. Ni fundi seremala, ana mke na watoto wawili, na Jumapili huimba kwaya. Tulimwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda, halafu akatuuliza jambo moja tu: kama ile hesabu ingali kitabuni.

Iko, tukamwambia, kwa maana hatukutaka kumdanganya. Tuliporudi, vikundi vyote vitatu vilikaa pamoja. Tukaandika kwa wino kwamba pesa zile zilikuwa zawadi na hakuna deni, na wote tukatia sahihi, mama yake akiwemo. Krismasi alikuja na watoto wake. Safari hii mama alikaa mbele.

Hatujui mwaka huu ni mtoto wa nani atakayeitwa. Lakini akiitwa, tunataka akute kijiji kitakachomwambia: "Nenda usikilize. Ukikaa huko tutakuombea. Ukirudi, mlango uko wazi."



Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Je, hapa kwetu yuko aliyerudi kutoka seminari au utawani? Tulimpokeaje?

2. Wazazi wa mapadre na masista waliotoka kijijini kwetu wanaishije? Kikundi kinaweza kuwasaidia na kazi gani msimu huu?

3. Tukimchangia kijana, huwa tunangojea nini kutoka kwake? Semeni kweli.