Tuta la Lambo na Kiangazi: Mada kwa Kamati za Maji za Vijiji



Katika nchi za baridi kali, mwenye bwawa la kuogelea uani kwake huanza kazi kabla barafu haijafika. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takribani asilimia 9, na yakikosa pa kwenda hupasua bomba na ukuta. Shinyanga na Geita hatuna barafu, na bwawa la wengi wetu ni lambo. Lakini kiangazi chetu nacho hupasua, ila kwa kinyume: udongo mweusi wa mbuga hunywea unapokauka.

Kiangazi kikitajwa, watu hulalamikia maji yanayopotea, na wana haki. Lambo la mita 20 kwa 20 likishuka milimita 5 tu kwa siku, zimekwenda lita 2,000, yaani ndoo 100 za lita 20, na hakuna ng'ombe aliyekunywa. Jua hula uso wa maji, halili kina. Mwenye nguvu ya kuchimba na achimbe kwenda chini badala ya kutanua. Hayo wengi wenu mnayajua. Leo naomba tukae kwenye tuta.

Tuta la udongo wa mbuga likipigwa jua kuanzia Juni hadi Oktoba huchanika. Ufa unaofuata urefu wa tuta uzibwe, lakini si wa kutisha sana. Wa kuogopwa ni ule unaolikata tuta, kutoka upande wa maji hadi upande wa nje. Lambo likiwa tupu, ufa huo hausemi kitu. Mvua kubwa ya kwanza ikilijaza kwa usiku mmoja, maji huingia humo kabla udongo haujapata muda wa kuvimba na kujifunga. Hutokea upande wa pili yakiwa yamebeba udongo, tundu hupanuka, na kukipambazuka tuta limekwenda. Wenzetu wa Kishapu hawahitaji kusimuliwa: Novemba 2022 kingo za bwawa la tope la mgodi wa Mwadui zilibomoka, ingawa bwawa la mgodi lina mambo yake mengine.

Kwa hiyo kazi ifanyike Septemba. Tembea juu ya tuta na kijiti chembamba, upime kila ufa unaokatiza. Kijiti kikizama chini ya usawa ambao maji hufika lambo likijaa, usimwagie udongo mkavu juu juu ukaondoka, wala usipake saruji. Fukua ufa wote mpaka mwisho wake, kisha rudishia mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe. Unyevu wa kutosha unapimwa kwa kiganja: finyanga donge; likishikana bila kukuachia tope mkononi, liko sawa. Halafu funika tuta kwa moramu na kupanda ukoka, ili jua lisiuguse mfinyanzi wenyewe. Miti hapana. Mizizi yake ikifa huacha njia za maji, na hapa najua nitabishiwa na wapenda kivuli.

Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, usafishwe wakati huohuo, na ng'ombe wanywee kwenye birika nje ya uzio wa lambo. Kwato zao humomonyoa tuta.

Kuchimba malambo si jambo geni kwetu. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza 1947, uliyaeneza ukifungua pia maeneo ya Geita kwa wahamiaji. Wala tope linalojaza lambo halihitaji ufumbuzi mpya: ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, zilizohuishwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza 1986 hushika udongo huko juu kabla haujafika lambo. Kinachokosekana ni fundi wa Septemba, kwa sababu bajeti ya ukarabati aghalabu hukumbukwa tuta likishavunjika.

Neno kwa walio jirani na makarasha ya dhahabu. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyokwisha kuchenjuliwa, yako karibu, ni laini, na ni rahisi kuyapakia kwenye toroli. Msizibie nayo. Ni jiwe lililosagwa, halishiki maji kama mfinyanzi, na huenda bado yana zebaki ambayo mtaipeleka kwenye maji ya mifugo na watoto. Udongo wa kuzibia uchimbeni katikati ya lambo likiwa limekauka, mbali na kitako cha tuta, chini ya tope la juu. Hapo kina nacho kitakuwa kimeongezeka bila gharama ya pili.