Kitanda Kimoja, Wauzaji Tisa

Jumapili ya juzi, nikiwa nimejinyoosha mkekani baada ya chakula cha mchana, alinijia binti ya dada yangu. Akapiga goti kabisa, jambo ambalo si kawaida yake. "Shikamoo, mjomba." Nikajua papo hapo kwamba shikamoo ile ina gharama. Dakika kumi hazikupita nikaambiwa gharama yenyewe: laki tatu, za kulipia matangazo ya biashara yake mtandaoni.

Biashara hiyo ni ya mashuka. Anayanunua kwa jumla Kariakoo, anaweka picha kwenye ukurasa wake wa Instagram, na mteja akipatikana mzigo unapelekwa na kijana wa bodaboda. Mtaji aliukopa kwenye kikoba, na marejesho ni kila Jumamosi. Jumamosi haikosi kufika. Wateja ndio wanaokosa. Katika wiki tatu alikuwa ameuza mashuka manne, na mawili kati ya hayo aliyanunua mama yake mzazi.

Nikaomba simu nijionee. Picha ilikuwa nzuri kwa hakika: kitanda kipana, pazia jeupe, maua pembeni. Nikamuuliza kitanda kile ni cha nani. Akacheka. Picha aliipata kwa mwenye duka la jumla, ambaye naye aliletewa na kiwanda huko China. Tukaanza kupekua kurasa za wauzaji wengine. Kitanda kilekile, pazia lilelile, tukavikuta kwa watu tisa kabla sijachoka kuhesabu. Na chini yake maneno yaleyale: pamba asilia, ubora wa hali ya juu, bei nafuu kuliko wote. Bei yenyewe je? Ati njoo inboksi.

Sasa, msikilizaji, laki tatu ingefanya nini hapo? Ingewaonyesha watu wengi zaidi kitanda ambacho wamekwisha kukiona mara tisa.

Tatizo hili lilikuwapo kabla ya simu. Mwanzoni mwa karne ya 20 huko Marekani, kampuni za bia zilikuwa zikishindana kwa neno moja, "safi". Kila moja ililiandika kwa herufi kubwa kuliko mwenzake. Mtunzi wa matangazo, Claude Hopkins, alipopewa kazi na kampuni ya Schlitz ya Milwaukee, alitembezwa kiwandani. Akaona chupa zikioshwa kwa mashine mara nne kabla ya kujazwa. Akauliza mbona hamlisemi hili? Akajibiwa kwamba hakuna la ajabu, kila kiwanda kinafanya hivyo. Hopkins akaliandika hivyohivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1927 anasimulia kwamba baada ya miezi michache tu Schlitz ilipanda kutoka nafasi ya tano hadi kuwa bega kwa bega na iliyokuwa ya kwanza. Mtu anayejisifia kazi yake humpunguzia kidogo, lakini hoja yake naikubali. Neno "safi" kila mtu analo.

Walakini leo mwenzako anakunakili kabla chai haijapoa. Kwa hiyo kusema peke yake hakutoshi. Mwaka 1970 mchumi wa Kimarekani George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi, aliandika makala juu ya soko la magari yaliyokwisha tumika. Mnunuzi asiyeweza kulitambua gari zima na bovu hutoa bei ya mashaka kwa yote. Mwenye gari zima huona hasara akajiondoa, sokoni yakabaki mabovu. Miongoni mwa dawa alizozitaja ni dhamana, maana muuzaji wa kitu kibovu akitoa dhamana inamgharimu. Mimi mwenyewe niliwahi kununua shati mtandaoni kwa muuzaji nisiyemjua. Lilipofika, lilimtosha kijana wangu wa darasa la sita. Nilipolalamika, muuzaji akanifungia nisimpate tena. Tangu hapo kila shati la mtandaoni kwangu ni la mashaka, hata la mtu mwaminifu.

Basi nikampa laki moja, na masharti. Achukue shuka moja la kila rangi, alifue mara tatu, alianike juani, kisha alipige picha kwenye kitanda cha mama yake, futi ya fundi cherehani ikiwa juu yake. Shuka jekundu lilichuja hata maji yakawa kama juisi ya rozela. Dada yangu akasema hilo lisionyeshwe kabisa. Tulibishana hadi adhana ya alasiri. Mwishowe binti akalionyesha, beseni na yote, akaandika: "Jekundu siuzi." Mekundu sita yako chini ya kitanda hadi leo, kwa sababu mwenye duka la jumla amekataa kuyapokea, na hiyo ni hasara yake, si ya kufikirika.

Kisha akaandika bei waziwazi, na chini yake: fungua, kagua, pima, ndipo ulipe, usiporidhika, nauli ya bodaboda ni juu yangu. Akashona pia kipande kidogo cha kitambaa chenye jina lake pembeni mwa kila shuka. Wenye kanga walilijua hili zamani. Kule Mombasa, nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak iliweka alama ya "Mali ya Abdulla", mnunuzi aione na airudie.

Katika wiki mbili ameuza mashuka kumi na moja. Mawili yalirudishwa mlangoni, moja kwa sababu bwana mwenye nyumba alikataa kutoa hela. Muuzaji mwingine amekwisha iba video ya kufua, pamoja na sauti ya jogoo wa jirani yetu. Lakini ya "kagua ndipo ulipe" hakuiba. Yeye anataka hela kwanza, na wateja wamemuuliza hadharani kwa nini.

Palipobaki pagumu ni mikoani. Mzigo unakwenda kwa basi, na hakuna wa kusimama stendi kumsubiri mteja akague. Binti ameamua kujaribu nusu kabla, nusu baada ya kupima. Wa kwanza ni mama mmoja wa Singida, aliyeupokea mzigo wake Alhamisi. Hadi ninaingia studio hivi sasa, ile nusu ya pili ilikuwa haijafika.