Siku ya Kwanza Kazini Maskati



Kijana atokaye Mombasa au Unguja, aingiapo kwa mara ya kwanza katika ofisi za kampuni kubwa mjini hapa, huenda akapatwa na mshangao. Amejiandaa kwa Kiarabu na Kiingereza, kumbe anayempokea mlangoni anamwambia, "Karibu, u hali gani?"

Lugha hiyo haikufika hapa kwa bahati. Oman ilianza kusafirisha mafuta nje mwaka 1967. Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa ughaibuni warejee kuijenga nchi. Miongoni mwa waliorudi ni wale waliozaliwa au kusoma Zanzibar, ambao wengi wao waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964. Wengi walikijua Kiingereza, lugha iliyohitajika katika kampuni ya mafuta ya PDO, ilhali Kiarabu chao kilikuwa haba. Nao pia walikuwa waajiriwa wapya, wageni katika nchi ya babu zao.

Hivyo basi, mwajiriwa mpya na atarajie ukarimu. Ataletewa kahawa na tende; akitosheka hukitikisa kikombe, la sivyo ataendelea kumiminiwa. Atapimwa afya, atapewa kitambulisho, ataonyeshwa meza yake na mkuu wake. Ataambiwa kuwa wiki ya kazi huanza Jumapili na kuishia Alhamisi.

Kisha italetwa karatasi.

Mimi nilipoajiriwa mara ya kwanza katika nchi hii, nilitia saini mkataba huku nimeshika kikombe, kwa kuona haya kumsubirisha mwenyeji aliyenichangamkia kwa Kiswahili. Nyumbani nilikuwa nimeacha ajira ya kudumu, na watoto walingoja karo. Miezi miwili baadaye niliambiwa kazi imekwisha. Nilipoufungua mkataba, niliona muda wa majaribio umeandikwa waziwazi. Sikuwa nimedhulumiwa; nilikuwa sijasoma.

Sheria ya Kazi ya Oman ya mwaka 2023 inasema muda wa majaribio usizidi miezi 3, na ndani ya muda huo upande wowote waweza kuuvunja mkataba kwa notisi ya siku 7. Saa za kazi kwa wiki zisizidi 40, bila kuhesabu mapumziko. Likizo ya mwaka isipungue siku 30. Mwajiri haruhusiwi kushikilia pasipoti ya mfanyakazi bila idhini yake ya maandishi. Kwa hiyo tazama kama idhini hiyo haimo katika makaratasi unayotakiwa kusaini. Mkataba ulioandikwa kwa lugha nyingine huambatanishwa na nakala ya Kiarabu, nayo ina uzito mbele ya sheria. Ikiwa hukijui Kiarabu, tafuta mtu unayemwamini akusomee. Ndugu zetu wafanyao kazi majumbani hawamo katika sheria hii. Wao wana kanuni zao, nazo pia zafaa kuulizwa mapema.

Basi, msikilizaji, ikiwa safari yako yaja huku, kunywa kahawa, jibu salamu, ulizaneni habari za Unguja na Mombasa. Lakini karatasi iombe, nenda nayo, isome usiku ukiwa umetulia, kisha urejee kesho na kalamu yako. Mwenyeji muungwana hatakasirika.

Kwaherini.