Mmeachana, Watoto Mmekubaliana Nini?

(Muziki wa kipindi, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo nazungumza nanyi nikiwa Gikundamvura, wilaya ya Rusizi, huku chini kwenye bonde la mpunga la Bugarama. Mada yetu ni ile inayosemwa bombani kwa sauti ya chini: baba na mama wameachana, watoto je?

Leo sitauliza nani alikosa. Hilo tuwaachie wazee na wachungaji. Mimi nataka tuzungumze juu ya karatasi.

Tuchukue mfano. Baba ametoka Kiziba, amekuja huku Gikundamvura kutafuta kibarua kwenye mpunga. Mama amebaki kambini na watoto watatu. Wameshaachana, na kwa kweli hawagombani. Baba alisema, "Mama watoto, kaa nao, mimi nitatuma kitu, na likizo watakuja kwangu." Mama akasema sawa. Shahidi alikuwa shangazi. Mwaka wa kwanza mambo yakaenda vizuri. Kisha baba akaoa mwingine, pesa ikapungua. Likizo ikafika, mtoto mkubwa akaja huku, shule ikafunguliwa, hakurudishwa. Mama ana neno lake, baba ana lake, shangazi anasema hakumbuki vizuri. Mama akienda kulalamika, swali la kwanza ni hili: mliandika wapi?

Sheria ya Rwanda ya watu na familia ya mwaka 2016, na ile iliyokuja nyuma yake mwaka 2024, zote zinakubali mume na mke waachane kwa kupatana wenyewe. Lakini hawaendi mahakamani mikono mitupu. Wanapeleka maandishi: watoto watakaa na nani, yule mwingine atawaona vipi, atatoa nini cha kuwalea. Kesi inaanzia Urukiko rw'Ibanze, mahakama ya ngazi ya chini. Na hakimu hayupo pale kupiga muhuri tu. Akiona kwamba mtoto ataumia, anaweza kukataa yale makubaliano hata kama wazazi wote wawili wanatabasamu mbele yake.

Wengine wataniuliza, sisi wakimbizi tunaruhusiwa kwenda huko? Tunaruhusiwa. Mkataba wa Geneva wa 1951, kifungu cha 16, unasema mkimbizi ana haki ya kufika mbele ya mahakama za nchi anamoishi.

Na wale ambao hamkufunga ndoa ya serikali, ambao ni wengi kambini, msizime redio. Ninyi hamna talaka ya kuomba, lakini mtoto ana haki zilezile. Mnaweza kuandika mapatano juu yake, na mkishindwana, mahakama inaweza kuamua atalelewa na nani.

Sasa muandike nini? Hapa ndipo watu wanakosea. Wanaandika "baba atasaidia watoto," basi. Atasaidia kwa nini, na lini? Mtu wa mpunga hana mshahara wa mwezi. Mkimwandikia alipe kila tarehe 30, mmeandika ugomvi. Afadhali muandike kiasi atakachotoa baada ya kila mavuno, na kidogo cha katikati, na kipite kwenye simu ili kibaki na ushahidi. Andikeni safari pia. Kutoka Kiziba hadi huku mtoto anapita Karongi mjini, anashuka hadi Kamembe, halafu anatafuta gari la Bugarama. Nani atalipa hiyo tiketi? Nani atamsindikiza? Nani ataomba ruhusa ya kutoka kambini? Na siku ya kumrudisha itajwe, kabla shule haijafunguliwa Septemba.

Kuna jambo jingine ambalo majirani zetu Wanyarwanda hawana. Mtoto atabaki kwenye karatasi ya nani? Posho inafuata karatasi. Mkitengana bila kwenda kurekebisha daftari, mmoja anapokea pesa ya mtoto, mwingine ndiye anayempikia. Halafu kuna safari ya nchi ya tatu. HCR inapotayarisha faili ya mtoto, inauliza mzazi wa pili yuko wapi na kama anakubali aende. Familia ambayo haijawahi kuandika chochote inaanza kutafutana siku hiyo, na faili inasimama. Mkiweza kusema mapema nani atakwenda na mtoto, na yule atakayebaki atazungumza naye vipi, semeni sasa, wakati bado mnasalimiana.

Mtoto mkubwa mumsikilize pia. Mkataba wa haki za mtoto wa 1989 unampa nafasi ya kusema, na unasema aendelee kuonana na wazazi wote wawili, isipokuwa kama kuonana huko kutamdhuru.

Hiyo "isipokuwa" ni nzito. Mama aliyepigwa, au mtoto aliyeumizwa, asilazimishwe kukaa kwenye mkeka mmoja na aliyempiga eti wapatane. Huyo aende moja kwa moja kwa watu wa ulinzi kambini au polisi. Binafsi sipendi kabisa ile tabia ya kumwambia "vumilia, ni baba watoto."

Kwa wengine, hatua ni hizi. Zungumzeni, andikeni, mtie sahihi mbele ya mashahidi. Karatasi hiyo ni ushahidi, ila ikithibitishwa na mahakama ndipo anayeivunja anaweza kulazimishwa kuitekeleza. Msaada wa kuiandaa upo: ofisi ya MAJ iko katika kila wilaya, na ushauri wake ni bure. Mambo yakibadilika baadaye, baba akihama au mama akiugua, mnaweza kurudi kwa hakimu kuomba marekebisho.

Kipindi kijacho tutajibu maswali yenu. Mpeni mwandishi wetu wa kambini, na tafadhali msiandike majina ya watoto.

(Muziki unapanda)