Hakimu Ana Mpaka Wake: Tujue Mlango wa Kubisha



Leo tuzungumze juu ya korti. Kikundi kimoja tunachokisaidia huko Kawangware kilitaka kutembea kwa amani mpaka katikati ya mji, kupeleka barua ya malalamiko. Wakakatazwa. Wakachanga pesa, wakapeleka kesi kwa hakimu. Hakimu akawaambia hana mamlaka. Walirudi nyumbani wakidhani amehongwa. Sisi nasi tulikosa, maana hatukuwaeleza mapema.

Ukweli ni kwamba hakimu hakuwaonea. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 imemwekea mipaka. Wa kwanza ni pesa: hakimu mkuu husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 20, hakimu mkazi milioni 5. Wa pili ni haki zenyewe. Katika haki zilizo kwenye Katiba, yeye anasikiza malalamiko ya mateso na kutendewa kinyama, au ya utumwa, basi. Haki ya kukusanyika kwa amani, kifungu cha 37, haimo. Hiyo ni kazi ya jaji wa Mahakama Kuu, pale Milimani. Lakini mkikamatwa na kushtakiwa, hapo hakimu anaweza kuwapa dhamana, na kuwaachilia akiona hamna hatia.

Mtauliza: jaji atatusikiza sisi watu wadogo? Zamani ilikuwa ngumu, kweli. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu kuzuia jengo la ghorofa 60 katika Uhuru Park. Kesi ikatupwa, eti hakuonyesha yeye binafsi ataumia vipi. Bustani ile iliokolewa na kelele za wananchi, si na korti.

Katiba ya 2010 imegeuza mambo. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kwa niaba ya kikundi au ya umma, na kinasema ada ya kufungua kesi ya namna hiyo isitozwe. Kanuni za 2013 zinakubali hata barua ya kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya kuchanga hata shilingi moja, tujiulize: Tunadai nini hasa? Na ni nani mwenye uwezo wa kutoa amri hiyo? Kuuliza si ujinga. Jadilianeni katika mkutano wenu ujao.